Ujumbe Uliofika na Ujumbe Uliopotea: Kuandika Boti ya Telegram kwa Python

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi vijana mliokuja na kompyuta zenu: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie uandishi wa boti, yaani programu inayopokea na kujibu ujumbe yenyewe ndani ya Telegram, kwa kutumia maktaba ya Python (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) iitwayo python-telegram-bot. Wengi mmeshaona boti ya mistari kumi ikijibu salamu, na mnajua hilo halimalizi hata nusu saa. Sitakaa sana hapo. Nataka tukae pale ambapo boti inapendeza siku ya maonyesho, halafu wiki ya tatu inapoteza mchango wa mtu. Maktaba hubeba ujumbe. Kuhakikisha ujumbe haukupotea njiani wala haukuhesabiwa mara mbili ni kazi ya anayeandika programu, na ni hapo ndipo nitakaporudi kila mara.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Kuna kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama 30, kinakutana kila Jumamosi. Mwanachama akiandika /mchango 10000, boti inaingiza fedha hizo kwenye hesabu yake. Akiandika /salio, inamjibu. Asubuhi ya siku ya kikao inawakumbusha wote. Ni kazi ndogo, ila ina fedha za watu ndani yake, kwa hiyo haivumilii uzembe.

Kwanza mlango wa kuingilia. Telegram ilianza mwaka 2013, na mwezi Juni 2015 ikafungua mlango maalumu wa maboti uitwao Bot API. Programu yako hutuma maombi ya kawaida ya HTTPS, kama kivinjari kinavyofanya, na kurudishiwa majibu ya JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome. Kuna mlango wa pili, itifaki ya MTProto, ambayo maktaba kama Telethon na TDLib huitumia. Huko unachukua vitambulisho vya programu, api_id na api_hash, kwenye tovuti ya my.telegram.org, na programu yako inaweza kuingia kama mtu kamili, kwa namba yake ya simu. Mlango huo una nguvu nyingi kuliko tunavyohitaji. Faili ndogo ya kuingilia (session) inayobaki kwenye kompyuta ni sawa na simu yenyewe iliyofunguliwa: anayeinakili anasoma na kuandika kwa jina la mwenye akaunti. Kwa kazi ya kikundi chetu tubaki na Bot API. Boti haiwezi kumwanza mtu ambaye hajaizungumzisha, na kizuizi hicho ni kinga nzuri kwa wanachama. Maana yake kwetu ni kwamba siku ya kwanza kila mwanachama lazima aifungue boti mwenyewe na kubonyeza Start. Asiyefanya hivyo hatapata kikumbusho hata jina lake likiwa daftarini.

Boti husajiliwa kwa kuongea na boti nyingine, BotFather. Unaandika /newbot, unatoa jina la kuonekana, kisha jina la mtumiaji ambalo lazima liishie na bot, na unapewa tokeni: namba, nukta mbili, kisha msururu mrefu wa herufi. Tokeni ndiyo kila kitu. Hakuna nywila nyingine nyuma yake. Isiandikwe ndani ya faili la programu, kwa sababu faili hilo kesho litapandishwa GitHub, tovuti ambako watu hugawana msimbo. Iwekwe kwenye vigezo vya mazingira ya mfumo (environment variables) na programu iisome kutoka huko.

Kuna uvujaji mmoja wa tokeni ambao wengi hawaujui. Tokeni hukaa ndani ya anwani ya kila ombi linalokwenda Telegram. Maktaba yetu hutumia maktaba nyingine, httpx, kupeleka maombi, na httpx ikiachwa kwenye kiwango cha INFO, kile cha kuandika hata taarifa za kawaida, huandika anwani nzima kwenye kumbukumbu za programu (log) kila inapopiga hodi. Unamtumia mwenzako kumbukumbu hizo akusaidie kutafuta kosa, na umeshampa boti yako. Mstari mmoja unatosha kuzuia:

```
logging.getLogger("httpx").setLevel(logging.WARNING)
```

Tokeni ikishavuja, usibishane nayo. Rudi kwa BotFather, andika /revoke, chukua mpya.

Kwenye kusakinisha kuna mitego miwili ya majina. Kifurushi kinaitwa python-telegram-bot, lakini ndani ya programu unaandika import telegram. Mtu akisakinisha kifurushi kiitwacho telegram anapata kitu kingine kabisa, kisha anashangaa kwa nini Application haipatikani. Mtego wa pili ni wa kuliita faili lako mwenyewe telegram.py. Python italiona hilo kwanza na kuliacha la maktaba. Liite boti.py, au jina lolote lingine.

Halafu kuna suala la matoleo. Toleo la 20 lilibadilisha maktaba nzima ihamie kwenye asyncio, njia ya Python ya kuendesha kazi nyingi kwa zamu bila moja kuzuia nyingine. Mafunzo mengi mtakayokutana nayo ni ya toleo la 13 kurudi nyuma. Mkiona Updater yenye use_context=True, au mkiona dispatcher.add_handler, fungeni ukurasa huo. Kuchanganya mistari ya zama mbili ndiyo sababu ya makosa mengi ambayo wanaoanza hudhani ni ya kwao.

Mifupa ya toleo jipya ni hii:

```
import os
from telegram import Update
from telegram.ext import Application, CommandHandler, ContextTypes

async def salio(update: Update, context: ContextTypes.DEFAULT_TYPE):
    await update.message.reply_text("Ngoja nisome daftari.")

app = Application.builder().token(os.environ["TOKENI"]).build()
app.add_handler(CommandHandler("salio", salio))
app.run_polling()
```

Lipo neno await mbele ya reply_text. Ukilisahau, programu haianguki. Inaandika onyo dogo kwamba kazi haikusubiriwa, na ujumbe hautumwi. Mwanachama anakaa akitazama skrini. Boti ikinyamaza bila kosa la wazi, anzeni kwa kutafuta await iliyosahaulika.

Kwenye mistari hiyohiyo lipo kosa nililoliacha makusudi. CommandHandler, kipokezi cha amri kama /salio, bila kuambiwa vinginevyo, hupokea ujumbe mpya na pia ujumbe uliohaririwa. Mwanachama akiandika /salo, akaona amekosea, akaurekebisha ukawa /salio, Telegram inaleta taarifa ya aina ya edited_message. Hapo update.message ni None, yaani haina kitu, na programu inalalamika kwamba None haina reply_text. Tiba ya haraka ni kutumia update.effective_message. Lakini kwa /mchango tiba hiyo peke yake ni hatari. Mtu aliyeandika 1000, kisha akahariri ikawa 10000, ataandikiwa michango miwili, elfu moja na elfu kumi. Kwa amri inayogusa fedha, mwambieni CommandHandler asipokee uliohaririwa, kwa kichujio cha ~filters.UpdateType.EDITED_MESSAGE, na wekeni kipokezi cha pili cha kumjibu mwanachama kuwa marekebisho hayahesabiwi, aandike upya au amwone mweka hazina. Msiache kimya. Mtu aliyehariri anaamini amesharekebisha.

Vipokezi vina mpangilio. Ndani ya kundi moja la vipokezi, cha kwanza kinachokubali ujumbe ndicho kinachofanya kazi, na vinavyofuata havifikiwi. Mkiweka kipokezi cha filters.TEXT, yaani cha maandishi yoyote, juu, kitameza na amri zote, kwa kuwa amri nayo ni maandishi. Ndiyo sababu mtaona watu wameandika filters.TEXT & ~filters.COMMAND.

Sasa tuje kwenye upokeaji, maana hapa ndipo ujumbe hupotelea.

Mnajua barua zinavyotufikia huku kwetu. Barua haiji mlangoni, inakaa kwenye sanduku la posta mpaka uende na ufunguo. Njia ya kwanza ya kupokea, getUpdates, ambayo run_polling huitumia, ni hiyo. Programu yako inakwenda posta, inauliza kama kuna kitu, inasubiri dirishani sekunde chache, inachukua kilichopo, inarudi tena. Safari moja huleta taarifa zisizozidi 100. Kila taarifa ina namba yake, update_id, na safari inayofuata unataja namba iliyo moja juu ya ile ya mwisho uliyochukua. Kwa kuitaja hivyo umetia saini kwamba zote za nyuma umezipokea, na posta inazifuta. Ambazo hukuja kuzichukua hukaa kwa saa 24 tu. Umeme ukikatika mtaani Ijumaa jioni ukarudi Jumapili, michango iliyoandikwa usiku wa Ijumaa haipo tena, na hakuna wa kumdai.

Hilo la saa 24 watu wengi hulisoma. Ambalo hawalifikirii ni saini. Maktaba ikichukua taarifa 40, inaziweka kwenye foleni ndani ya kumbukumbu ya kompyuta (RAM), na inaendelea na safari yake ya posta, yaani inatia saini, huku fanksheni zako bado zinashughulikia ya tatu. Ukiizima programu kwa utaratibu, itamalizia foleni kabla ya kufunga. Ikikatwa ghafla, kwa umeme kukatika au kwa mfumo kuiua, zile 37 zimepotea. Telegram inajua umezipokea, wewe huna kitu. Kwa hiyo fanksheni ya /mchango ifanye kazi moja ya haraka kabla ya yote: kuandika kwenye hifadhidata, SQLite inatosha kwa wanachama 30, kisha ndipo ijibu. Jibu la "Nimepokea" lije baada ya kuandikwa, kamwe lisitangulie. Mwanachama asiyeona "Nimepokea" ajue aandike tena. Mfundisheni hivyo siku ya kwanza. Foleni ikiwa fupi, hasara ya kukatika inakuwa ndogo, na mwanachama ndiye anayeigundua kabla ya mweka hazina.

Njia ya pili ni kuletewa mlangoni. Kwa setWebhook unaipa Telegram anwani yako ya HTTPS, nayo inakuja kubisha kila kunapotokea jambo. Inakubali poti, yaani namba za milango ya mtandao, nne tu: 443, 80, 88 na 8443. Cheti chako kikiwa na kasoro hutapata kitu, na hakuna kelele upande wako, kwa hiyo ulizeni getWebhookInfo. Hiyo hukwambia kosa la mwisho ililokutana nalo na ni taarifa ngapi zinasubiri. Wekeni pia secret_token, ambayo Telegram huirudisha kwenye kichwa cha kila ombi, ili mtu baki akigundua anwani yenu asiweze kuwaletea michango ya uongo. Njia hii inataka seva inayokaa hewani muda wote. Kwa boti inayoishi kwenye kompyuta ya ofisini, nyuma ya ruta ya kawaida, njia ya sanduku la posta ni bora, na hakuna aibu yoyote kuitumia.

Njia hizi mbili hazikai pamoja. Ukiwasha programu mbili zenye tokeni moja zote zikienda posta, Telegram inamkatiza mmoja kwa kosa 409. Hilo angalau lina kelele. Baya zaidi ni hili: run_polling inapoanza hufuta webhook iliyopo, yaani ile anwani uliyoipa Telegram. Kijana akiijaribu programu kwenye kompyuta yake kwa tokeni ya boti halisi, seva ya kikundi inakuwa kiziwi papo hapo, bila kosa lolote kwenye kumbukumbu zake, na itabaki kiziwi hata kijana akishafunga kompyuta yake akaenda kulala. Sajilini boti mbili kwa BotFather, ya kazi na ya majaribio, na tokeni ya kazi isikae kwenye kompyuta ya mtu.

Taarifa hushughulikiwa moja baada ya nyingine, maana concurrent_updates, mpangilio wa kushughulikia nyingi kwa pamoja, kwa kawaida imezimwa. Fanksheni ya mtu mmoja ikikaa sekunde kumi ikisubiri tovuti ya benki, wote 29 waliobaki wanasubiri. Mkitumia time.sleep, au maktaba ya requests, mnasimamisha hata safari za posta. Kazi nzito ipelekeni pembeni kwa asyncio.to_thread. Kuwasha concurrent_updates kunaongeza kasi, ila sasa amri mbili za mwanachama mmoja zinaweza kusoma salio lilelile kwa wakati mmoja, zikaandikiana juu. Kwa kikundi cha watu 30 msiiwashe. Kasi hamuihitaji, usahihi mnauhitaji.

Tuje kwenye kutuma. Ujumbe mmoja hubeba herufi zisizozidi 4096, na maelezo chini ya picha 1024. Ripoti ya mwaka haitaingia, igawe au itume kama faili. Boti hupandisha faili la hadi megabaiti 50, na hupakua la hadi 20. Tofauti hiyo huwasumbua wanaotaka wanachama walete video.

Kasi nayo ina mipaka: kwa mtu mmoja kama ujumbe mmoja kwa sekunde, ndani ya kundi 20 kwa dakika, na kwa watu mbalimbali kama 30 kwa sekunde. Wanachama wetu 30 wanaingia vizuri. Shule yenye wazazi 900 inahitaji si chini ya nusu dakika, na anayezunguka orodha yote bila kupumzika atapata kosa 429 lenye retry_after, idadi ya sekunde za kusubiri. Subirini idadi hiyohiyo mliyotajiwa, kisha mwendelee. Maktaba ina AIORateLimiter inayopunguza mwendo yenyewe, lakini max_retries yake ni 0 msipoibadilisha. Itawapunguzia mwendo, ila ikikutana na 429 haitajaribu tena.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote katika kutuma linaitwa TimedOut. Maktaba husubiri jibu sekunde 5. Mtandao wa simu ukizubaa, jibu halirudi, na unapata TimedOut. Watu hudhani ujumbe haukwenda, wanatuma tena. Ukweli ni kwamba TimedOut inasema jibu halikurudi, haisemi kuwa ombi halikufika. Ujumbe unaweza kuwa umeshasomwa na mwanachama. Kwa kikumbusho cha kikao, kurudia ni kero ndogo, rudieni. Kwa ujumbe unaosema "Mkopo wako wa 200,000 umeidhinishwa", mara mbili ni ugomvi. Kwanza ongezeni read_timeout, muda huo wa kusubiri jibu, ifike sekunde 20 au 30, kisha ujumbe wa aina hiyo upewe namba ya kumbukumbu ndani ya maandishi yenyewe, ili ukifika mara mbili mtu aone ni ule ule.

Kosa 403 kwa kawaida maana yake mwanachama ameizuia boti. Msimtumie tena na tena. Mwandikeni daftarini kuwa hafikiki, na mweka hazina ampigie simu. Kundi la kawaida nalo likigeuzwa kuwa kundi kubwa, namba yake hubadilika. Ukituma kwenye ya zamani unapata kosa 400 likiwa na migrate_to_chat_id ndani yake. Ihifadhini hiyo mpya. Na safu ya namba hizo kwenye hifadhidata iwe ya biti 64, kwa sababu hazitoshi kwenye 32.

Sasa mambo ya kwetu wenyewe, ambayo miongozo ya kigeni haitawaambia.

Tunaandika fedha hivi: 10,000/= au 10,000/-. Mkipamba ujumbe kwa MarkdownV2, mojawapo ya namna za kutia maandishi mitindo, alama ya usawa, kistari, nukta na alama ya mshangao zote ni herufi zenye kazi maalumu, na zisipotanguliwa na mkwaju wa nyuma ujumbe mzima unakataliwa kwa kosa 400. Programu iliyojaribiwa kwa "Habari" inafaulu, siku ya kwanza ya fedha inakwama. Tumieni HTML. Huko cha kuangalia ni alama tatu tu: ndogo-kuliko, kubwa-kuliko, na ile ya &. Jina la mwanachama au la duka lipitisheni kwenye html.escape kabla ya kulitia. Na anapoandika mchango, mpokeeni kwa namna zote anazoandika: 10000, 10,000, 10,000/=. Ondoeni mikato na mkia, kisha mrudishieni kiasi mlichoelewa akione.

Majina kama Ng'ang'a, na maneno kama ng'ombe, yana ritifaa. Simu nyingi huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho ni ileile, kwa kompyuta ni herufi nyingine, U+2019 badala ya U+0027, na kutafuta jina daftarini kunashindwa. Zigeuzeni zote ziwe za aina moja wakati wa kuhifadhi na wakati wa kutafuta pia. Kufanya upande mmoja tu hakusaidii.

Halafu saa. Mwanachama akiandika "kikao saa 2", ana maana ya 08:00 au 20:00, hana maana ya 02:00. Boti imuulize asubuhi au usiku, ikiwa na vitufe viwili, wala isikisie. Upande wa pili, JobQueue, sehemu ya maktaba inayopanga kazi kwa ratiba, ambayo husakinishwa kwa nyongeza ya [job-queue], hufuata UTC, saa ya kimataifa, isipoelezwa vinginevyo. Mkiandika run_daily ya 08:00 bila kutaja eneo, kikumbusho kitafika saa 5 asubuhi, kikao kimeshaanza. Tajeni Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi wazi. Siku nazo zina mtego: tangu toleo la 20 hesabu yao huanza 0 kwa Jumapili na kuishia 6 kwa Jumamosi. Sisi tunaohesabu kuanzia Jumamosi, siku yake ya mosi, lazima tukumbuke kuwa kwa maktaba hii ndiyo ya mwisho. Ratiba hizi pia hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu. Kompyuta ikiwa imezimwa wakati wa kikumbusho, hakitalipizwa baadaye chenyewe.

Kuhusu vitufe, maneno machache. Kila kitufe hubeba callback_data, maandishi yanayorudi kwa boti kikibonyezwa, yasiyozidi baiti 64, basi wekeni namba ya kumbukumbu humo na habari yenyewe ibaki kwenye hifadhidata. Mtu akibonyeza, jibuni kwa query.answer() mara moja, la sivyo alama ya kusubiri inabaki kwenye kitufe, na mtu mwenye mashaka hubonyeza tena. Kubonyeza mara mbili kutatokea tu. Kinga yake iko kwenye hifadhidata: safu ya namba ya ombi la mkopo iwe ya pekee, ili uidhinishaji wa pili ukataliwe na jedwali lenyewe. Kwa /mchango tumieni jozi ya namba ya mazungumzo na namba ya ujumbe kwa namna hiyohiyo.

Mkiiweka boti ndani ya kundi, itaona amri, na ujumbe unaoijibu, na si mengi zaidi, kwa sababu hali ya faragha huwa imewashwa. Watu huilalamikia kwamba haisikii. Naomba muiache hivyo. Inaweza kuzimwa kwa BotFather, kisha boti itolewe kundini na kuingizwa upya ndipo mabadiliko yashike, lakini jiulizeni mnataka maongezi ya watu ya nini. Mazungumzo na boti hayana usimbaji wa mwisho hadi mwisho, na mazungumzo ya siri ya Telegram hayafanyi kazi na maboti. Anayeendesha seva yenu anaweza kusoma kila kitu kilichoandikiwa boti. Kwa hiyo salio lijibiwe faraghani, hata aliyeuliza akiwa kundini, na namba za vitambulisho msiziombe kabisa.

Kabla hamjaikabidhi, fanyeni majaribio matatu kwa boti ya majaribio, mweka hazina akiwa ameketi nanyi. Andikeni michango mitano mfululizo, kisha chomoeni waya wa umeme wa kompyuta, ikiwa ya betri itoeni betri, au iueni programu kwa kill -9. Iwasheni, na mlinganishe daftari na yale majibu ya "Nimepokea" yaliyofika kwenye simu. Kila chenye jibu lazima kiwe daftarini. Pili, andikeni mchango, muuhariri, na muone boti inasema nini. Tatu, zimeni intaneti katikati ya kuidhinisha mkopo, iwasheni, mbonyeze tena kitufe kilekile mara tatu kwa haraka. Kwenye jedwali la mikopo hesabuni mistari. Mkikuta miwili, msiikabidhi boti leo. Tuketi wote hapa mchana huu tutafute ni wapi namba ya ombi ilikosa kuwa ya pekee.